Wanaoishuku Akili Unde Wana Sababu: Barua ya Wazi kwa Wizara

Kwa Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali, na kwa maafisa wote mliokabidhiwa utekelezaji wa Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025–2030, Nairobi.

Waheshimiwa,

Kila yanapozuka mazungumzo kuhusu akili unde na watu wenye ulemavu, watu hao hutajwa kama wanufaika. Asiyeona atasomewa barua na simu yake, kiziwi ataandikiwa yanayosemwa mkutanoni, asiyeweza kushika kalamu atatungiwa barua ya kuomba kazi. Ahadi hizi si za uongo mtupu. Lakini anapotokea mmoja wao akasema ana shaka na mashine hizi, majibu ni yale yale: aelimishwe, ahamasishwe, aondolewe hofu. Nawaandikia kuomba mlisikie shaka hilo kwa sikio jingine. Watu hawa wameishi na mifumo ya kuwakadiria, kuwapanga na kuwaamulia muda mrefu kuliko sisi wengine, na wanachokisema kuhusu akili unde ni maarifa waliyoyapata kwa gharama. Anayetaka kununua mashine ya namna hii kwa fedha za umma anapaswa kuyapokea kama ushahidi wa mtaalamu. Mimi si msemaji wao. Vyama vyao vipo, United Disabled Persons of Kenya kikiwa kimojawapo, na milango yao inajulikana. Ninachofanya ni kuupanga ushahidi ambao tayari uko hadharani.

Nianze na jinsi mashine yenyewe inavyofanya kazi, maana shaka linaanzia hapo. Akili unde zalishi, yaani ile inayotunga maandishi, picha na sauti, hukisia. Imelishwa maandishi na picha nyingi mno, ikajifunza kipi huelekea kufuata kipi, na ikiulizwa hutoa kile kinachoelekea zaidi kufuata. Kwa hiyo la kawaida ndilo lenye nguvu ndani yake, na la nadra huonekana kama kosa la kusahihishwa. Sasa, nani ameandikwa katika hayo maandishi, na ameandikwa na nani? Asiyekuwepo na lake halipo. Sensa yetu ya 2009 ilihesabu asilimia 3.5 ya Wakenya kuwa na ulemavu; ya 2019, iliyotumia maswali tofauti, ikapata asilimia 2.2, watu wapatao laki tisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika dunia nzima ni asilimia 16. Sidhani kuna anayeamini kwamba Kenya imebarikiwa kiasi hicho. Ikiwa hata dola, yenye makarani wa kubisha hodi kila nyumba, inapata taabu kuwaona watu hawa, mashine iliyosoma intaneti itawaona vipi? Na pale inapowaona, mara nyingi inawaona kwa macho ya wengine: taarifa za hospitali, habari za kusikitisha, tangazo la mchango, kichekesho cha mtandaoni. Ni machache mno yaliyoandikwa na wenyewe, na ya Kiswahili ni machache zaidi.

Matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2020 watafiti wa Google walionyesha kwamba mifumo ya kupima lugha iliipa sentensi alama mbaya zaidi pale tu ulipotajwa ulemavu, hata kama sentensi yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walifanya jaribio ambalo natamani lisomwe na kila afisa wa kuajiri. Walichukua wasifu wa kazi wa mtu mmoja, wakatengeneza nakala zilizoongezewa mambo ya sifa yanayohusu ulemavu: tuzo, ufadhili wa masomo, uanachama wa kamati. Kisha wakaiagiza mashine ya GPT-4 ilinganishe kila nakala na wasifu wa awali. Kwa mantiki ya kawaida, mwenye tuzo ya ziada angepaswa kushika nafasi ya kwanza kila mara. Alishika nafasi hiyo mara moja kati ya nne hivi. Mashine ilipotakiwa kueleza sababu, ilitoa maelezo laini yenye adabu, mathalani kwamba tuzo ya uongozi inayohusu usonji inadokeza kuwa mkazo wake kwenye uongozi ni mdogo. Ilipoonywa waziwazi isibague, ilijirekebisha kwa baadhi ya aina za ulemavu na kwa nyingine haikubadilika vya kutosha. Mwaka huo huo utafiti mwingine kuhusu mashine za kuchora ulionyesha kwamba ukiziomba picha ya mtu mwenye ulemavu, zilikupa kiti cha magurudumu karibu kila mara, na aliyeketi juu yake mara nyingi alikuwa mpweke mwenye huzuni. Mtu mwenye ulemavu asingehitaji utafiti kuyajua hayo. Amekutana na picha hiyo hiyo ofisini, shuleni na kanisani, na sasa anaambiwa ni teknolojia ya kesho.

Mtaniambia kwamba hata karani wa kibinadamu hubagua, na pengine kuliko mashine. Ni kweli, na hoja hii inastahili kujibiwa kwa uzito kuliko zote. Karani mbaguzi ana jina, ana meza, ana mkubwa wake. Unaweza kumrudia kesho, kumlalamikia, kumpeleka mbele ya tume. Zaidi ya hayo, ubaguzi wake unaishia kwenye foleni yake. Ukitoka Kisumu ukaenda Kakamega huenda ukakutana na karani mwenye utu. Mashine moja ikinunuliwa kwa ajili ya kaunti 47, kosa lake linakuwa sera ya taifa bila kupitishwa na Bunge. Katika jimbo la Arkansas, Marekani, wauguzi ndio waliokuwa wakiamua mtu mwenye ulemavu apewe saa ngapi za msaidizi wa nyumbani. Mwaka 2016 uamuzi huo ukapewa kompyuta. Watu ambao hali zao hazikuwa zimebadilika hata kidogo wakakatiwa saa za kuogeshwa, kulishwa na kugeuzwa kitandani. Waliouliza sababu waliambiwa ni kompyuta iliyosema. Kesi ilipofika mahakamani ikabainika kuwa mfumo ulikuwa na kasoro katika jinsi ulivyowahesabu wenye mtindio wa ubongo, kasoro ambayo hakuna ofisa aliyeigundua, kwa kuwa hakuna ofisa aliyekuwa akiielewa hesabu yenyewe. Mahakama iliingilia kati mwaka 2018. Najua mfumo ule haukuwa akili unde zalishi; ulikuwa kitu rahisi zaidi. Lakini hilo linaongeza shaka badala ya kulipunguza. Ikiwa hesabu inayoweza kuandikwa kwenye karatasi iliwashinda maofisa wa Arkansas kuieleza, mtaielezaje mashine ambayo hata walioiunda hawawezi kukuambia kwa uhakika kwa nini ilitoa neno hili ikaacha lile?

Kuna jambo lingine ambalo wasiohitaji msaada wa mashine hawalioni kwa urahisi. Chukua chupa ya dawa. Mtu asiyeona anaielekezea kamera ya simu na kuuliza dawa inanywewa vipi. Programu za zamani za kusoma maandishi, zikikutana na kibandiko kilichokunjamana au mwandiko wa mfamasia usiosomeka, zilitoa herufi zilizovurugika, na msikilizaji akajua papo hapo kwamba pana kasoro, akaita jirani. Programu mpya ya akili unde haivurugiki. Palipo na pengo inapajaza kwa neno linaloelekea kuwepo, ikatamka kwa sauti ile ile tulivu: kijiko kimoja, mara tatu kwa siku. Mwenye kuona angetupia jicho kibandiko akathibitisha. Aliyeiomba mashine imsomee aliiomba kwa sababu hawezi kuthibitisha. Kadhalika kiziwi anayesoma maandishi yaliyotungwa na mashine kutoka kwenye hotuba: hana njia ya kujua kwamba neno «si» limerukwa na maana ya sentensi imegeuka. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mashine hukosea mara chache, inatupasa kuuliza makosa hayo machache yanamwangukia nani. Kwa sehemu kubwa yanamwangukia asiyeweza kuyaona, na onyo dogo lililoandikwa chini ya skrini kwamba mtumiaji athibitishe majibu linampa mzigo ambao mashine iliuzwa kwa kuahidi kumtua.

Viziwi wana shaka lao mahususi, na hapa serikali ndiyo yenye neno la mwisho. Katiba ya 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, ikaiweka katika kifungu cha 120 pamoja na Kiswahili na Kiingereza kama lugha rasmi za Bunge. Lugha hiyo ina sarufi yake. Nyusi zikiinuliwa sentensi inakuwa swali. Mdomo, mabega na uelekeo wa macho hubeba kile ambacho sisi tunakibeba kwa viambishi na kiimbo. Siyo Kiswahili kinachotamkwa kwa mikono, na siyo lugha ya alama wanayoitumia viziwi wa Tanzania. Wabunifu, wakiwemo wa hapa Nairobi, wanatengeneza wahusika wa kompyuta wanaogeuza maneno kuwa ishara, na juhudi zao siwezi kuzibeza. Lakini mwaka 2018 Shirikisho la Viziwi Duniani pamoja na chama cha kimataifa cha wakalimani wa lugha ya ishara walitoa msimamo wa pamoja: wahusika wa namna hiyo wanaweza kufaa kwa matangazo mafupi yaliyotayarishwa mapema, kama yale ya kituo cha treni, na wasichukue nafasi ya mkalimani katika mawasiliano ya moja kwa moja. Tafsiri yake kwa Kenya ni wodi ya uzazi, kituo cha polisi, chumba cha mahakama na darasa. Viziwi wanachoogopa ni kwamba mara mashine itakapokuwepo, hata ikiwa mbovu, mhasibu atauliza kwa nini mkalimani bado analipwa. Mtasema wakalimani ni haba. Ni haba kwa sababu nafasi za kuwafunza na kuwaajiri ni haba, na fedha za kununulia mfumo zikitoka katika kasha hilo hilo uhaba utageuka kuwa wa kudumu.

Msidhani nazungumzia hofu ya mambo ambayo hayajatokea. Kampuni ya accessiBe iliuza programu iliyodai kwamba kwa nguvu ya akili unde ingeifanya tovuti yoyote itumike vizuri na wasioona, bila mwenye tovuti kusumbuka. Wasioona wenyewe walilalamika: programu hiyo iligongana na programu zao za kusoma skrini, vitufe vikabaki bila majina, ukurasa ukawa mgumu kuliko ulivyokuwa awali. Mwaka 2021 chama chao kikubwa cha Marekani, National Federation of the Blind, kilivunja uhusiano na kampuni hiyo hadharani. Wenye tovuti waliendelea kununua, maana ilikuwa rahisi kuliko kurekebisha tovuti. Januari 2025 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, iliitaka kampuni hiyo ilipe dola milioni 1 kwa kutangaza uwezo ambao programu haikuwa nao. Kwa hiyo ilichukua karibu miaka minne kwa mamlaka kufikia pale walipokuwa wameshafika watumiaji. Wangesikilizwa mapema, zingeokolewa fedha nyingi na ungeepukwa udhia mwingi.

Kwetu Kenya shaka lina mzizi mwingine. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, kupitia kampuni ya Sama, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa ili kusoma na kuainisha maandishi ya kikatili kupindukia, ya ubakaji wa watoto, mauaji na mateso, ili mashine ya kampuni ya OpenAI ijifunze kutoyatamka. Baadhi yao walisimulia jinsi kazi hiyo ilivyowaachia majeraha ya akili. Katika kesi nyingine, ya wasimamizi wa maudhui ya Facebook waliofanya kazi hapa hapa Nairobi, uchunguzi wa kitabibu uliowasilishwa mahakamani na kuripotiwa Desemba 2024 uliwakuta zaidi ya 140 wakiwa na msongo unaotokana na kiwewe. Ulemavu wa kisaikolojia unatajwa katika sheria zetu za watu wenye ulemavu. Ndiyo kusema sekta hii, inayoahidi kuwasaidia watu wenye ulemavu wa Kenya, imewaongezea wenzao. Anayekumbuka hilo akihudhuria semina ya kumhamasisha, na akakaa kimya wakati wengine wanapiga makofi, msimwite mpinga maendeleo.

Nayajua mazuri pia, na haki inataka yasemwe. Be My Eyes, huduma iliyoanzishwa Denmark ili wanaoona wawasaidie wasioona kwa kamera ya simu, iliongeza mwaka 2023 msaidizi wa akili unde anayeeleza picha. Wengi wanaitumia na kuisifu: unaweza kuuliza rangi ya shati saa nane za usiku bila kumwamsha mtu, na huo ni uhuru ambao aliyezaliwa akiona hajui thamani yake. Mwenye kigugumizi anaweza kuandika badala ya kupiga simu. Mwenye ugumu wa kusoma anaweza kuomba waraka wa kodi ufupishwe kwa lugha nyepesi. Lakini tazama kinachounganisha mifano hii: mtu ameichagua mashine mwenyewe, kwa jambo analolijua, na anaweza kuiacha. Katika Be My Eyes mtu wa kujitolea bado yupo upande wa pili ukimhitaji. Hali ni tofauti kabisa pale mashine inapochaguliwa na ofisi na kuwekwa mlangoni, ili pasiwepo njia nyingine ya kuingia. Ndiyo maana utamkuta mtu yule yule anaitumia akili unde kutwa nzima na bado anaishuku vikali. Hakuna mgongano hapo.

Pengine mtajibu kwamba sheria tayari zinamlinda. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mashine pekee. Ni kifungu kizuri. Tatizo ni hilo neno «pekee». Ofisi ikimweka karani mmoja abonyeze kitufe cha kukubali mapendekezo ya mashine, mia mbili kwa siku, uamuzi unahesabika kuwa wa binadamu, na kifungu kinalala. Isitoshe, huwezi kudai haki dhidi ya mashine usiyojua kwamba ilikuamulia. Barua ya kunyimwa ruzuku haina alama ya kuonyesha imetungwa na nani; ina mhuri wa serikali na sentensi nzuri kuliko zile za karani wa zamani.

Na wale wanaosema tukisubiri tutaachwa nyuma, niwakumbushe Huduma Namba, mfumo wa kitaifa wa utambulisho wa kidijitali. Wanubi wa Kenya, waliozoea kuhojiwa na kamati kabla ya kupewa kitambulisho ambacho wengine walikipata bila maswali, walikwenda mahakamani kupitia Nubian Rights Forum wakisema mfumo ule utawafungia nje wale wale ambao daima hufungiwa nje. Januari 2020 Mahakama Kuu ilisema mfumo usiendelee bila sheria na kanuni za kutosha. Oktoba 2021, katika kesi nyingine, ikatamka kwamba serikali ilipaswa kufanya tathmini ya athari kwa data za watu kabla ya kuzindua kadi. Mabilioni yalikuwa yameshatumika. Sioni kama shaka ndilo lililotuchelewesha pale. Tulicheleweshwa na ofisi zilizokataa kulisikia mapema, zikalazimika kulisikia kwa kinywa cha jaji.

Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 4 cha mkataba huo kinaitaka serikali ishauriane nao kwa karibu katika maamuzi yanayowahusu. Kushauriana hakumaanishi kuwaalika siku ya uzinduzi na kuwakalisha safu ya mbele ili wapigwe picha. Maana yake ni kwamba kabla zabuni haijatolewa, watu wenye ulemavu wa aina mbalimbali, wa mijini na wa Turkana, wanalipwa kama wataalamu wengine kuujaribu mfumo, kwa lugha wanazozitumia, na ripoti yao inachapishwa hata kama inamuaibisha muuzaji. Maana yake ni kwamba kila barua iliyoandaliwa kwa msaada wa mashine inasema hivyo, na inataja ofisi na mtu wa kumwendea. Na nafasi ya mkalimani, ya msomaji au ya msaidizi isifutwe kwa kisingizio cha mfumo mpya mpaka wale waliokuwa wakihudumiwa wakubali kwa hiari yao.

Ninaomba jibu la maandishi kwa swali moja. Katika taratibu mlizoandaa za kununua mifumo ya akili unde kwa ajili ya huduma za umma, ni ukurasa upi unaowapa watu wenye ulemavu uwezo wa kusema mfumo huu usinunuliwe, na neno lao likashika? Jibu hilo litolewe pia kwa Breli na kwa Lugha ya Ishara ya Kenya, na anayelitoa kwa ishara awe mtu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi